Kilima cha Nabugoye: Historia ya Abayudaya na Marabi Wao

Msafiri wa kutoka Issuna, wilayani Ikungi, akitaka kufika Nabugoye atashika njia ya Singida na Nzega hadi Mwanza, avuke mpaka pale Sirari, apite Kisumu na Busia, kisha Tororo, na mwisho aingie Mbale, mji uliolala chini ya Mlima Elgon mashariki mwa Uganda. Nje kidogo ya mji huo kuna kilima chenye sinagogi, shule na nyumba za wakulima. Watu wake hulima kahawa, ndizi na mihogo kama majirani zao Wagisu, ila Ijumaa jua likikaribia kuzama huweka majembe chini na hawayashiki tena hadi nyota zionekane Jumamosi. Hao ndio Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao jumuiya yao imekwisha kupita miaka mia moja.

Makala haya yanaandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walio mbali na Mbale, wakiwemo wa vijiji vyetu vya Singida, ambako kanisa au msikiti aghalabu umeanza kwa watu wachache waliokutana chini ya mti, wakafyatua matofali wenyewe, wakasubiri miaka kabla ya kumpata padri, mchungaji au shehe wa kukaa nao. Abayudaya waliipitia njia hiyo, na kwao kungojea kulikuwa kurefu mno. Walikuwa na Torati mkononi mwaka 1919. Rabi wa kwanza aliyetoka miongoni mwao aliwekewa mikono mwaka 2008. Katikati ya miaka hiyo 89 ndipo ilipo historia yenyewe: namna watu walivyojifundisha dini kwa kusoma, wakaishika bila mwalimu, wakanyimwa hata ruhusa ya kusali, kisha wakampeleka kijana wao Marekani kujifunza kazi ya urabi na akarudi nayo nyumbani.

1913–1928: Jemadari aliyesoma Biblia

Mwanzilishi ni Semei Kakungulu, aliyezaliwa Koki mnamo 1869 na kukulia katika utumishi wa Kabaka wa Buganda. Alikuwa mpiganaji hodari na mtawala mwenye kipaji. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa makamanda waliowakamata Kabalega wa Bunyoro na Kabaka Mwanga, na katika miaka iliyofuata aliongoza askari wake mashariki, akaiweka Bukedi na sehemu ya Teso chini ya bendera ya Waingereza. Alijenga ngome, barabara na vituo. Mji wa Mbale ulianza kama makao yake. Alitarajia kutambuliwa kuwa mfalme wa nchi aliyoitwaa, lakini wakoloni walimpa cheo cha chifu, na baadaye, kuanzia 1906 hadi 1913, urais wa baraza la Busoga. Kakungulu aliona ameonewa.

Mwaka 1913 alijiunga na Wamalaki, harakati ya Waganda iliyojitenga na makanisa ya wamisionari. Wamalaki waliitunza Jumamosi badala ya Jumapili na walikataa dawa za hospitali na chanjo, jambo lililowagombanisha na serikali mara kwa mara. Jambo la dawa tutalirudia, kwa sababu lina uzito katika historia ya baadaye.

Biblia nzima kwa Kiluganda ilikuwa imechapishwa tangu 1896, na Kakungulu aliisoma kwa bidii ya mtu anayetafuta hati ya shamba lake. Akafika kwenye agizo la tohara katika Mwanzo na Mambo ya Walawi, akauliza kwa nini halifuatwi. Wenzake wakamwonya kwamba tohara ni ya Wayahudi. Jibu lake lilikuwa kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, akawatahiri wanawe, akahamia Gangama chini ya Elgon pamoja na wafuasi wake na kuanza jumuiya mpya. Watoto walipewa majina ya Agano la Kale. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 hivi chenye sala na kanuni za kuwaongoza watu wake.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyefika Mbale. Ni kweli kwamba mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imempa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Wazayuni, pendekezo la kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi katika eneo hili, mpango uliobeba jina la Uganda ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Na Mkutano wa Wazayuni ukaukataa mwaka 1905. Lakini mpango huo haukuzaa Abayudaya. Walizaliwa na usomaji, na kwa sababu hiyo dini yao ya mwanzo ilikuwa na mapengo. Walikuwa wakichanganya Torati na sehemu za Agano Jipya, na bado walibatiza.

Katika miaka ya 1920 alifika Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina moja tu la Yosef. Alikaa na Kakungulu miezi kadhaa, akawafundisha kalenda ya sikukuu, uchinjaji na vyakula vinavyoruhusiwa, na baraka za Kiebrania. Mgeni njoo, mwenyeji apone: baada ya Yosef, Kakungulu aliondoa ubatizo na sala za Kikristo, akaanzisha shule ndogo ya kufundisha vijana aliyoyapokea. Akafariki tarehe 24 Novemba 1928 na kuzikwa Gangama.

1928–1971: Miaka ya upweke

Kifo cha mwanzilishi kilikuwa pigo. Baadhi ya wafuasi walirudi kwenye Ukristo, na wengine walibaki na mchanganyiko wa dini mbili. Mzee Samson Mugombe ndiye aliyeshika uongozi wa waliobaki. Kazi yake haikuwa ya kupanua bali ya kushikilia: Sabato isivunjwe, watoto watahiriwe siku ya nane, nyama isiliwe kwa majirani, Zaburi ziimbwe. Zaburi hizo zilipewa sauti za hapo hapo, za Kiluganda na Kigisu, zenye kiitikio na kupokezana kama nyimbo za kazi na za ngoma. Kwa kuwa hawakuwa na rabi, waliomudu kusoma vizuri ndio waliofundisha, na wimbo ulifanya kazi ya kitabu kwa wasiojua kusoma. Kwa maoni yangu, jumuiya hii iliponea katika nyimbo.

Ulimwengu wa Kiyahudi haukujua habari zao, wala wao hawakujua mengi juu ya ulimwengu huo. Mlango ulifunguka mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, alipowatembelea Arye Oded, mtaalamu na mwanadiplomasia wa Israeli aliyekuwa akisoma Makerere. Aliandika habari zao, vitabu vya sala vikaanza kuwafikia, na Abayudaya wakaanza kuona kwamba wana ndugu ng'ambo. Muda wa furaha hiyo haukuzidi miaka kumi.

1971–1979: Sala za siri

Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waisraeli nchini. Kwa Abayudaya maana yake ilikuwa kupigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa au kubomolewa, kukutana kwa sala kukawa kosa, vitabu vikafichwa. Walio wengi walijiunga na Uislamu au Ukristo ili wapate usalama. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na 300.

Hao 300 walisali majumbani, milango ikiwa imefungwa. Rabi Gershom Sizomu, aliyekuwa mtoto wakati huo, husimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, na familia ikamkomboa kwa mbuzi watano.

Ukombozi ulitoka upande wetu. Baada ya majeshi ya Amin kuvamia Kagera mwishoni mwa 1978, Tanzania ilijibu, na vijiji vya kila mkoa vilichangia vijana, mifugo na chakula. Tarehe 11 Aprili 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ilikuwa mkesha wa Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaisahau sadfa hiyo, na Mtanzania aliyepoteza ndugu katika vita ile anastahili kuijua.

1979–1995: Vijana warudi kilimani

Uhuru wa kuabudu ulirudi, lakini watu hawakurudi mara moja. Wazee walikuwa wachache, ardhi ilikuwa imepungua, na vijana wengi walikuwa wamekua bila kusikia sala ya hadhara. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana, miongoni mwao Joab Jonadab Keki, Gershom Sizomu na Aaron Kintu Moses, walikwenda kuishi pamoja Nabugoye, kilima ambacho Kakungulu alikuwa amekichagua kwa ajili ya sinagogi. Walilima pamoja, wakafundishana Kiebrania, wakatunga nyimbo mpya na kudai ardhi ya jumuiya. Sinagogi la matofali waliloliweka kilimani liliitwa Musa. Matawi mengine yaliimarika Namanyonyi, Nasenyi, Putti na Namutumba.

Wakati huo Mbale ulikuwa unabadilika. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa mjini humo, na baadhi ya vijana wa Abayudaya wamesoma humo. Ukaribu huo wa dini tatu katika mji mmoja, Waislamu, Wakristo na Wayahudi wakigombea nafasi darasani na bei sokoni, ndio uliowafunza wanakilima kuishi na watu kabla ya kuletewa semina yoyote ya maelewano.

Mwaka 1992 wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wakisoma Kenya walifika Nabugoye na kurudi kwao na habari. Shirika la Kulanu, lililoanzishwa Marekani mwaka 1994 kwa ajili ya jumuiya za Kiyahudi zilizotengwa, lilipeleka ujumbe mwaka 1995. Vitabu, ada za shule na walimu wa kujitolea vikaanza kupatikana. Mwalimu wa kudumu ndiye aliyekuwa bado hajapatikana.

2002: Baraza la marabi

Februari 2002 marabi wa Kimarekani wa mkondo wa Wahafidhina, pamoja na mwenzao kutoka Israeli, walifika Mbale kuketi kama baraza la sheria la kuwathibitisha Abayudaya kuwa Wayahudi. Kiongozi wao alikuwa Rabi Howard Gorin wa usharika wa Tikvat Israel, mji wa Rockville, jimbo la Maryland.

Msomaji asiyeujua urabi wa Kimarekani huenda akafikiri rabi ni kasisi wa ibada. Katika usharika wa kawaida Marekani rabi huajiriwa na waumini wenyewe kupitia baraza lao. Huhubiri Sabato na sikukuu, lakini siku zake nyingi huzimaliza kwa mengine: kuwatembelea wagonjwa, kuwaandaa watoto, kukaa na waliofiwa, kuchangisha fedha za maskini, kuketi na viongozi wa dini nyingine za mji. Mahubiri yake hupimwa kwa mambo hayo. Rabi Gorin alikuwa mtu wa namna hiyo, na aliuchukua usharika wake kuwa na mipaka mipana kuliko mitaa ya Rockville. Baada ya Uganda alikwenda pia kuzitembelea jumuiya za Kiyahudi za Nigeria.

Kazi ya baraza ilikuwa nzito. Kwa sheria ya Kiyahudi, anayeingia katika dini hiyo huhojiwa na watu watatu juu ya ujuzi na nia yake, mwanamume hutahiriwa, na wote, wake kwa waume, huzama katika maji ya utakaso huku wakitamka baraka. Kwa wanaume waliokwisha kutahiriwa hutolewa tone la damu kama ishara. Watu wa Nabugoye, Namanyonyi, Nasenyi na Namutumba walisimama mbele ya baraza familia baada ya familia, na mamia wakathibitishwa.

Kulikuwa na uchungu ndani ya tendo lile, na historia ya heshima haipaswi kuuficha. Mzee aliyezaliwa katika Sabato, akaishika chini ya Amin, aliulizwa kama yuko tayari kuwa Myahudi. Wapo walioona ni kudharauliwa. Wengi walikubali kwa hoja kwamba wao wanajijua, lakini watoto wao watahitaji kutambuliwa na Wayahudi wa dunia nzima, watakapotaka kuoa, kusoma au kuzikwa mahali pengine. Wengine, hasa Putti, walipendelea mkondo wa Kiorthodoksi na wakaifuata njia yao. Naamini wazee waliokubali walifanya tendo la unyenyekevu kubwa kuliko lile la baraza lililowahoji.

Nyimbo nazo zilisafiri. Rabi Jeffrey Summit, mwanamuziki-mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, alirekodi Zaburi na nyimbo za watoto za Abayudaya, na mwaka 2003 Smithsonian Folkways ikazitoa katika albamu iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

2003–2008: Kijana wa kilima aenda masomoni

Mwaka 2003 Gershom Sizomu, aliyekuwa tayari kiongozi wa sala Nabugoye, aliingia Shule ya Ziegler ya mafunzo ya urabi mjini Los Angeles akiwa na mkewe na watoto. Masomo yaligharimiwa kwa msaada wa shirika la Be'chol Lashon la San Francisco. Miaka mitano alisoma Talmudi (mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale), sheria, uchungaji wa wagonjwa na utunzi wa mahubiri. Kilimani, wenzake walishika zamu: Aaron Kintu Moses na viongozi wa matawi waliendelea na sala na shule.

Mei 2008 aliwekewa mikono, akawa rabi wa kwanza mweusi mzaliwa wa Afrika kusini mwa Sahara kuhitimu katika chuo cha marabi cha Kimarekani. Julai mwaka huo mkuu wa shule yake, Rabi Bradley Shavit Artson, alikwenda Nabugoye pamoja na marabi wengine kumsimika mbele ya watu wake. Katika safari hiyo hiyo baraza liliketi tena, na zaidi ya watu 200 wakapokelewa, baadhi wakitoka nchi nyingine za Afrika. Safari hii Rabi Sizomu aliketi upande wa wanaouliza.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1919 | Semei Kakungulu atahiriwa. Jumuiya yaanzishwa Gangama |
| 1922 | Kitabu cha kwanza cha sala na kanuni |
| 1928 | Kakungulu afariki. Samson Mugombe ashika uongozi |
| 1962 | Arye Oded awatembelea Abayudaya |
| 1971–1979 | Marufuku ya Idi Amin. Sala za siri |
| Miaka ya 1980 | Vijana wahamia Nabugoye |
| 1995 | Ujumbe wa kwanza wa Kulanu |
| 2002 | Baraza la marabi chini ya Rabi Howard Gorin |
| 2004 | Ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera |
| 2008 | Rabi Gershom Sizomu awekewa mikono na kusimikwa |
| 2010 | Kituo cha afya cha Tobin chafunguliwa Mbale |
| 2016 | Sinagogi jipya. Rabi Sizomu aingia Bungeni |

Huduma: darasa, zahanati na kahawa

Shule zilikuja mapema kuliko rabi. Jumuiya ina shule ya msingi ya Hadassah na shule ya sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu, na zote mbili huwapokea watoto wa Kikristo na Kiislamu. Kiebrania hufundishwa pamoja na mtaala wa serikali. Mpango wa chakula cha mchana, uliochangiwa kupitia Kulanu, umekuwa na manufaa ambayo kila mwalimu wa kijijini anayaelewa: mtoto asiye na njaa hasinzii saa nane.

Baada ya 2008 nguvu kubwa ilielekezwa kwenye afya. Malaria ilikuwa ikiwaua watoto wa dini zote. Rabi Sizomu na Be'chol Lashon waligawa vyandarua, wakachimba visima, na mwaka 2010 kituo cha afya kilichopewa jina la marehemu Gary Tobin, mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo, kikafunguliwa mjini Mbale kuhudumia mtu yeyote anayefika. Sasa turudi kwenye lile la dawa. Harakati aliyotokea Kakungulu ilikataa tembe na sindano kwa kudai kwamba uponyaji ni wa Mungu peke yake. Sheria ya Kiyahudi inasema kuokoa uhai kunatangulia hata Sabato: mgonjwa apelekwe hospitali Jumamosi, na mganga afanye kazi yake. Umbali kati ya misimamo hiyo miwili ndio kipimo bora cha safari ya jumuiya hii. Abayudaya waliipata hekima hiyo ndani ya Torati ile ile waliyoanza nayo, walipopata wa kuwafundisha kuisoma kwa undani.

Kahawa ina historia yake. Joab Jonadab Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na aliyaona mashambulizi yale kwa macho yake. Alirudi Mbale akiwa na wazo kwamba watu wa dini tatu wanaolima zao moja katika miteremko ya Elgon wanaweza kuliuza pamoja. Mwaka 2004 alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wakulima wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo, na ushirika wa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, ukazaliwa. Nafasi za uongozi ziligawanywa kati ya dini zote tatu. Kampuni ya Thanksgiving Coffee ya Fort Bragg, California, ilinunua kahawa yao kwa bei ya biashara ya haki, na wanachama wakaongezeka hadi kupita 1,000. Wakulima walitunga nyimbo kuhusu ushirika wao, na Rabi Summit akarudi kuzirekodi katika albamu ya pili.

Mkulima wa alizeti wa Ikungi anajua vizuri habari ya mnunuzi anayekuja na bei yake mfukoni. Faida ya Mirembe Kawomera ilianzia hapo: mizani moja, bei iliyojulikana kabla ya mavuno, na ada za shule zilizolipwa kwa wakati. Amani waliyoiimba ilisimama juu ya hesabu hiyo.

Mimbari ya Nabugoye

Torati husomwa yote kwa mwaka, sehemu moja kila wiki. Jumamosi asubuhi gombo hutolewa, watu huitwa mmoja mmoja kwenda kubariki usomaji, kisha rabi hufafanua. Nabugoye ufafanuzi huo hutolewa kwa Kiluganda na Kiingereza, na Kiebrania kikibaki lugha ya sala. Zaburi huimbwa kwa sauti za kilimani, na mtindo huu rabi hakuubadilisha baada ya kurudi kutoka Los Angeles, ingawa alikuwa amejifunza nyimbo nyingi za sinagogi za Kimarekani. Wanawake huitwa kwenye Torati na huongoza sala, kwa taratibu za mkondo wa Wahafidhina.

Mahubiri ya rabi aliyefundishwa Marekani na kulelewa Mbale huwa na mazoea mawili ndani yake. La kwanza ni kuanza na andiko na kulihoji, maswali mengi kabla ya jibu lolote, kama yanavyofanya mabaraza ya marabi tangu kale. La pili ni la kikao cha kijiji: neno lililosemwa hadharani hudaiwa. Rabi anayefundisha juu ya kumpenda jirani mbele ya watu wanaojua ni jirani gani hana maji, ataulizwa kuhusu kisima Jumatatu. Ndiyo maana orodha ya huduma niliyoieleza juu siioni kuwa kando ya mahubiri ya Nabugoye. Chandarua, kisima na zahanati ni ufafanuzi wa Torati uliofanywa kwa mikono.

Nje ya mimbari, Rabi Sizomu alianzisha mafunzo ya viongozi, akiwaandaa vijana wa matawi na wa nchi jirani kuongoza sala, kufundisha na kuzika. Jumuiya changa ya Kasuku, karibu na Ol Kalou huko Kenya, imepata walimu na mwongozo kupitia Mbale. Watu ambao babu zao walisubiri mgeni mmoja aitwaye Yosef wamekuwa sasa wao ndio wanaosubiriwa.

2016 na baadaye

Mwaka 2016 ulileta mambo matatu kwa pamoja. Februari, wapiga kura wa Bungokho Kaskazini walimchagua Rabi Sizomu kuwa mbunge wao kwa tiketi ya chama cha FDC, akawa Myahudi wa kwanza kuingia Bunge la Uganda. Idadi ya Abayudaya katika Uganda nzima haizidi sana 2,000, kwa hiyo kura zilizompeleka Kampala zilikuwa za Wakristo na Waislamu. Alitumikia muhula mmoja hadi 2021.

Mwaka huo pia Nabugoye walizindua sinagogi jipya, la Stern, kubwa kuliko lile la Musa, lenye nafasi ya mamia ya waumini. Na Wakala wa Kiyahudi, chombo kinachoshughulikia uhusiano wa Israeli na Wayahudi wa nje, uliitambua rasmi jumuiya ya Abayudaya.

Utambuzi huo haukumaliza mambo. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imewakatalia Abayudaya kuhamia huko chini ya Sheria ya Kurudi, inayowapa Wayahudi haki hiyo, na mwaka 2018 ilitangaza wazi kukataa ombi la mmoja wao. Hapa mwandishi hawezi kujizuia kusema lililo moyoni: jumuiya iliyolipa gharama hii yote kwa ajili ya imani yake, na ikakubali kuhojiwa na baraza baada ya baraza, haistahili kuachwa mlangoni. Kesi na maombi yameendelea. Walio wengi, hata hivyo, hawana mpango wa kuhama. Mashamba yao, makaburi yao na shule zao viko Mbale.

Kizazi kinachofuata tayari kiko kazini. Shoshana Nambi, mzaliwa wa jumuiya hii, alikwenda kusomea urabi katika Hebrew Union College, na mwaka 2022 alichapisha kitabu cha watoto kuhusu Sikukuu ya Vibanda nchini Uganda. Kibanda ambacho katika miaka ya 1970 kilimfanya mtu akamatwe, sasa kinachorwa katika vitabu vya watoto na kujengwa kila mwaka uwanjani Nabugoye, kwa matete na majani ya migomba, na wanafunzi wa Hadassah wa dini zote tatu wakisaidia kukiezeka.